Kutoka Shizuoka hadi Del Mar: Historia ya Kuseti Magari ya Redio ya Njia za Udongo

Historia ya magari madogo ya mashindano yanayoongozwa kwa redio huelezwa mara nyingi kama historia ya mota na betri, yaani namna mwendo ulivyopanda kutoka kizazi kimoja hadi kingine, na hakika takwimu za mwendo ni rahisi kuzikusanya na huwavutia wasomaji. Hata hivyo, anayeyafuatilia kwa makini magari ya njia za udongo, ambayo wapenzi wake huyaita bagi kwa kuwa yaliiga magari mepesi ya mchangani, huona kwamba mambo yaliyoamua nani ashinde na nani abaki nyuma yalianzia pale tairi linapogusa ardhi. Kila ardhi ilipobadilika, kutoka mchanga hadi udongo mgumu na kutoka nyasi hadi zulia, magari yalilazimika kuundwa upya na mafundi wakalazimika kujifunza upya namna ya kuyaseti. Kuseti, katika maana inayotumika hapa, ni kulirekebisha gari lililokwisha kuundwa, bila kubadili umbo lake la msingi, ili lifae kwa uwanja fulani, kwa joto la siku ile na kwa mkono wa dereva fulani.

Magari ya kwanza ya redio hayakukusudiwa kwenda udongoni. Mwaka 1966 kampuni ya Kiitalia ya El Giocattolo iliuza Ferrari 250 LM ndogo, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa gari la kwanza la aina hiyo kufika madukani, na katika miaka iliyofuata Wamarekani na Wazungu wakaunda magari ya kipimo cha 1:8, yaani magari ambayo kila urefu wake ni sehemu moja ya nane ya gari halisi, yaliyotumia injini ndogo zinazochoma mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha. Yalishindana katika maegesho ya magari siku ambazo maduka yamefungwa, juu ya lami tambarare, na kwa sababu hiyo mengi ya yale ya mwanzo yalijengwa juu ya bamba lisilo na springi wala shokomzoba. Kwa lami hiyo hapakuwa na hasara kubwa, maana bamba lenyewe lilipinda kidogo kwenye kona na kufanya kazi ambayo springi zingefanya.

Kampuni iliyoyatoa magari haya mikononi mwa wachache na kuyafikisha kwa watu wengi ilikuwa Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani. Ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikaingia katika kutengeneza vielelezo vya mbao vya meli na ndege, kisha mwaka 1960 ikageukia plastiki. Chini ya Shunsaku Tamiya ilijipatia sifa ya kunakili kitu halisi kwa uaminifu usio wa kawaida, kiasi kwamba ili kuandaa kielelezo cha Porsche yeye alinunua Porsche 911 na kuifungua vipandevipande. Bodi ya Porsche 934 iliyotokana na utafiti huo ndiyo iliyofungwa juu ya chesi ya umeme mwaka 1976 na kuwa gari la kwanza la redio la kampuni hiyo, kwa kipimo cha 1:12. Lilikuwa bado gari la lami, lenye nafasi finyu chini ya tumbo, na jiwe dogo lilitosha kulisimamisha.

Wazo la kulipeleka gari dogo mchangani lilitokana na magari makubwa ya upande wa pili wa bahari. Katika fukwe na majangwa ya Kalifornia na rasi ya Baja nchini Meksiko kulikuwa kumezuka utamaduni wa magari mepesi yaliyojengwa kwa vipuri vya Volkswagen Beetle, na mwaka 1967 gari aina ya Meyers Manx, lenye bodi ya nyuzi za kioo, lilishinda mbio za kwanza za kutoka Tijuana hadi La Paz kwa kutumia saa 27 na dakika 38. Tamiya ilizikusanya taswira hizo na mwaka 1979 ikatoa magari mawili ya kipimo cha 1:10 yaliyoshirikiana chesi moja, Rough Rider na Sand Scorcher. Yalikuwa na sehemu nyingi za metali, shokomzoba zenye oili ndani yake, na sanduku lililozibwa la kukinga betri na vifaa vya redio dhidi ya maji na vumbi; mikono ya mbele inayobeba magurudumu iliiga ile ya Beetle. Kwa macho ya mkusanyaji wa vielelezo yalikuwa kazi ya kupendeza. Kwa macho ya mshindani yalikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba yaliiga mno. Uzito wake wa metali, pamoja na umbo la Beetle lililohifadhiwa kwa heshima, haukumwachia fundi nafasi ya kubadili lolote la maana zaidi ya oili na matairi.

Kasoro hiyo haikuwa ya ufundi mbaya bali ya kanuni za maumbile. Gari linapopunguzwa hadi sehemu moja ya kumi ya urefu wake, ujazo wake, na pamoja nao uzito, hushuka hadi sehemu moja ya elfu, ndiyo maana bagi la kilo moja na nusu hulingana vizuri na gari halisi la tani moja na nusu. Lakini nguvu ya mvutano wa dunia haipunguzwi na mtu yeyote, na chembe za mchanga hubaki na ukubwa uleule. Kijiwe ambacho Beetle halisi halikihisi huwa mwamba mbele ya gari dogo, na tuta la nusu mita, ambalo bagi dogo hulirukia bila kusita, lingekuwa ukuta wa mita tano kwa gari kubwa. Aidha, matukio yote huenda haraka zaidi: gurudumu dogo hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, hivyo springi na shokomzoba hazina muda wa kutulia kati ya bonde moja na jingine. Kunakili gari kubwa kwa uaminifu, kwa hiyo, kulikuwa njia ya uhakika ya kupata gari dogo lisilotulia.

Washindani wa kusini mwa Kalifornia walilitambua jambo hilo mapema, nao wakaanza kukata, kutoboa na kubadilisha vipuri vya magari ya Tamiya, huku karakana ndogo zikichipuka ili kuwauzia mikono mirefu zaidi, rimu nyepesi na shokomzoba imara zaidi. Mwaka 1982 kampuni ya Kyosho, pia ya Japani, ilileta Scorpion, gari jepesi lenye chesi ya alumini lililoonyesha kwamba watengenezaji wameanza kuwasikiliza washindani. Tamiya yenyewe ilijibu kwa Frog mwaka 1983, kisha kwa Grasshopper na Hornet mwaka uliofuata, magari yaliyouzwa kwa wingi na kuwafundisha vijana wa nchi nyingi kushika bisibisi, ingawa yalibaki magari ya kuchezea zaidi kuliko ya kushindania. Ekseli ya nyuma ya Grasshopper ilikuwa kipande kimoja, hivyo gurudumu moja lilipopanda jiwe lingine liliinamishwa pamoja nalo.

Gari lililotenganisha enzi mbili lilitoka Kalifornia mwaka 1984. Kampuni ya Associated Electrics, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Roger Curtis, alikuwa amepata uzoefu katika magari ya umeme ya njia za mfereji na baadaye katika magari ya redio ya lami, ilitoa RC10. Halikuwa nakala ya gari lolote halisi. Chesi yake ilikuwa beseni la alumini lililopakwa rangi ya dhahabu kwa njia ya umeme. Mikono yake ilikuwa ya nailoni, inayopinda badala ya kuvunjika. Kila gurudumu lilipanda na kushuka peke yake. Na shokomzoba zake ndefu za alumini zilifunguka ili mwenyewe abadilishe oili, springi na hata pistoni. Lenye thamani zaidi kuliko vyote hivyo ni kwamba gari liliuzwa likiwa halijakamilika kimawazo: matundu ya ziada na vijiti vyenye hesi vilimwachia mnunuzi uamuzi ambao hapo awali ulikuwa wa mhandisi kiwandani. Si kosa kusema kwamba kuseti, kama taaluma yenye kanuni zake, kulianza na gari hili.

Shokomzoba zinastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndani yake ndimo fundi wa bagi hutumia muda wake mwingi. Springi hubeba uzito wa gari na kurudisha gurudumu chini, lakini springi peke yake ingelirusha gari juu na chini bila kikomo. Shokomzoba huizuia kwa kulazimisha pistoni yenye matundu madogo ipite ndani ya oili ya silikoni. Unene wa oili hupimwa kwa sentistoki, au kwa namba za kibiashara ambazo hazilingani sawasawa kati ya mtengenezaji na mwingine, na ile inayoitwa namba 30 huwa karibu na sentistoki 350. Mwanafunzi hudhani kwamba matundu madogo yenye oili nyepesi ni sawa na matundu makubwa yenye oili nzito, na akilisukuma gari kwa mkono juu ya meza hataona tofauti. Uwanjani hali ni nyingine kabisa. Gari linapotua kutoka kwenye tuta, pistoni huenda kwa kasi kubwa, mtiririko wa oili katika matundu madogo huvurugika, na shokomzoba hukaza ghafla kana kwamba imegandishwa, jambo linalozuia tumbo la gari kugonga chini. Katika matundu makubwa hali hiyo huchelewa kutokea, hivyo gari hupita kwa ulaini juu ya vijibonde vidogo lakini hugonga likitua kutoka juu. Uamuzi kati ya hayo mawili hauna jibu la kudumu. Hutegemea kama uwanja una matuta makubwa machache au vijibonde vingi, na hutegemea pia joto, maana oili iliyofaa asubuhi huwa nyepesi mchana, na fundi makini huibadilisha kabla ya dereva kulalamika. Hata mapovu ya hewa yaliyobaki ndani ya shokomzoba moja hutosha kulifanya gari litue kwa upande, na ndiyo sababu kazi ya kuyatoa, inayochosha na isiyoonekana na mtazamaji, ilihesabiwa tangu zamani kuwa kipimo cha uvumilivu wa fundi.

Mwaka 1985 ulifanyika ubingwa wa kwanza wa dunia wa magari ya umeme ya udongo ya kipimo cha 1:10, mjini Del Mar, Kalifornia, chini ya shirikisho la kimataifa la IFMAR, linalounganisha vyama vya kanda mbalimbali za dunia. Madaraja yalikuwa mawili, nayo yamedumu hadi leo: magari yanayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, na yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Jay Halsey alishinda daraja la kwanza akiendesha RC10, na Gil Losi mdogo akashinda la pili kwa gari la Yokomo, kampuni ya Kijapani iliyokuwa na uhusiano wa karibu na Wamarekani. Nakala za magari halisi, ambazo miaka 6 tu kabla zilikuwa ndizo bagi pekee zinazojulikana, hazikupata nafasi katika ushindi huo, wala hazikuipata tena.

Huko Uingereza mambo yalikwenda kwa mkondo wake, kwa kuwa ardhi ilikuwa nyingine. Vilabu vingi vya huko vilishindana juu ya nyasi, mara nyingi zenye unyevu, ambako gari la magurudumu mawili ya nyuma liliteleza ovyo na gari la magurudumu manne likawa jibu la kawaida. Cecil Schumacher, mhandisi wa gia aliyefanya kazi katika kampuni ya injini za mashindano ya Cosworth, alianzisha kampuni yake huko Northampton mwaka 1980 na kujulikana kwa uvumbuzi wa difu ya gololi. Difu kwa jumla ni kifaa kinachoyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa sababu kwenye kona gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani; katika magari makubwa kazi hiyo hufanywa na gia. Katika difu ya Schumacher ilifanywa na gololi ndogo zilizobanwa kati ya bamba mbili za chuma kwa skrubu na springi. Kwa kukaza au kulegeza skrubu hiyo moja, fundi aliamua ni kwa kiasi gani magurudumu yatatengana mwendo: difu iliyolegea iligeuka kwa wepesi lakini ilipoteza nguvu, na iliyokazwa mno ililisukuma gari mbele moja kwa moja wakati dereva anataka kukata kona. Kile ambacho katika gari halisi kilihitaji kufungua sanduku la gia kikawa kazi ya robo zamu ya bisibisi.

Gari lake la CAT, la magurudumu manne linaloendeshwa kwa mikanda, lilitoka mwaka 1986, na mwaka uliofuata ubingwa wa pili wa dunia ulipofanyika Romsey, Uingereza, ndilo lililompa Masami Hirosaka wa Japani taji lake la kwanza la dunia, wakati Mmarekani Joel Johnson akishinda daraja la magurudumu mawili kwa Kyosho Ultima. Hirosaka aliendelea hadi kufikisha mataji 14 ya dunia katika madaraja mbalimbali, ya udongo na ya lami, jambo ambalo haliwezi kuelezwa kwa wepesi wa vidole pekee. Dereva anayeshinda juu ya nyuso tofauti namna hiyo, na katika mabara tofauti, ni yule ambaye timu yake inajua kulibadilisha gari kabla ya mashindano kuanza.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 msamiati wa fundi ulikuwa umetimia. Kemba ni mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele. Fundi huinamisha sehemu ya juu ya tairi kuelekea ndani kwa nyuzi moja au mbili, ili gari likiinamia nje kwenye kona tairi likanyage ardhi kwa upana wake wote. Kasta ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Katika bagi la magurudumu mawili hufika nyuzi 25 au zaidi, kiasi ambacho kingemshangaza fundi wa gari la abiria, na husaidia gari kunyooka lenyewe linapotoka kwenye kona. Magurudumu ya nyuma huelekezwa ndani kidogo, mara nyingi nyuzi 3 kila upande, na gari likinyimwa nyuzi hizo huyumba mkia mara tu dereva anapokandamiza mota. Lililo gumu kueleweka zaidi ni kitovu cha mlalo, yaani nukta ya kufikirika ambayo gari huinama kwa kuizunguka likiwa kwenye kona: kijiti cha juu cha gurudumu kikihamishwa tundu moja tu, mahali pa nukta hiyo hubadilika, na gari lililokuwa likiteleza huanza kushika, au lililokuwa likishika kupita kiasi na kupinduka huanza kutulia. Kwa macho hakuna lililobadilika ila milimita chache za plastiki.

Hata hivyo hesabu zote hizo huwa bure kama tairi si lake. Familia ya Losi, iliyokuwa na viwanja vyake kusini mwa Kalifornia na kwa hiyo kuona kila wiki ni nini kinachoshika na nini kinachoteleza, ilitoa gari lake la JRX2 mwaka 1988 na kujenga jina kubwa katika matairi pia. Udongo mpya uliolegea ulihitaji meno marefu yanayozama. Udongo uleule, baada ya kukanyagwa mchana kutwa na kumwagiwa maji, uligeuka mgumu na kung'aa, ukipakwa tabaka jembamba la mpira ulioachwa na magari, na hapo meno marefu yalipinda na kuteleza, matairi yenye vichomozo vifupi vilivyolika nusu yakawa bora kuliko mapya. Ugumu wa mpira nao ulichaguliwa, pamoja na sponji inayojazwa ndani ya tairi badala ya hewa. Wapo waandishi wanaoliweka jambo la matairi katika ukurasa wa mwisho wa vitabu vyao, na huko ni kuligeuza jambo juu chini, maana timu zilipofika katika uwanja mgeni zilianza kwa matairi na kuacha kila kitu kingine kisubiri.

Wingi huu wa marekebisho ulizaa hati. Shokomzoba 4, zenye oili, pistoni, springi na mahali pa kufungia. Mikono 4 yenye matundu yake. Difu, klachi ya kuteleza ambayo hulinda gia kwa kuachia nguvu kidogo gari linapotua, uwiano wa gia, urefu wa tumbo kutoka ardhini, bawa la nyuma na pembe yake: hakuna kumbukumbu ya binadamu inayoweza kuyabeba hayo yote kutoka shindano moja hadi jingine. Watengenezaji wakaanza kuchapisha karatasi ya mpangilio, yenye mchoro wa gari na nafasi tupu za kujaza, na madereva wao wa kulipwa wakazijaza na kuzitoa hadharani baada ya mashindano makubwa. Mshindani wa klabu ndogo aliweza sasa kuliseti gari lake kama la bingwa. Matokeo hayakuwa mema sikuzote, kwa kuwa karatasi ilikuwa na nafasi ya jina la uwanja na aina ya udongo, na nafasi hizo ndizo wanakili wengi walizoziruka. Mpangilio wa uwanja mgumu wa Kalifornia ulipopelekwa juu ya nyasi zenye umande ulimwangusha mwenyewe katika mzunguko wa kwanza.

Upande wa umeme ulikwenda kwa hatua zinazojulikana zaidi na hauhitaji maelezo marefu. Betri za nikeli na kadimi, seli 6 zilizotoa volti 7.2, ziliruhusu mbio za dakika 4 au 5. Baadaye zikaja za nikeli na hidridi ya metali, kisha za lithiamu za seli 2 zenye volti 7.4. Kidhibiti mwendo cha kwanza kilikuwa mkono mdogo uliosogezwa na sevo, yaani mota ndogo inayoongozwa na redio, juu ya waya za ukinzani zilizopata moto mkali, nacho kikapisha cha elektroniki. Mota za brashi, ambazo fundi alilazimika kuzifungua na kuzichonga upya kati ya mbio na mbio, zilipisha mota zisizo na brashi mwanzoni mwa karne hii, na redio zilizogawana masafa kwa fuwele, kiasi kwamba madereva wawili wenye fuwele zinazofanana hawakuweza kuwasha pamoja, zikapisha zile za gigahezi 2.4. La kuzingatia ni athari ya hatua hizo katika kuseti. Betri ya lithiamu ilikuwa nyepesi kuliko iliyoitangulia, na mtu angetarajia shangwe; badala yake mafundi walianza kufunga vipande vya shaba na risasi ndani ya magari yao, kwanza ili kufikia uzito wa chini unaotakiwa na kanuni, na pili kwa sababu uzito uliokuwa ukiyakandamiza magurudumu ya nyuma ulikuwa umetoweka. Uzito sasa ukawa kitu cha kusetiwa, kinachowekwa mahali fundi anapotaka.

Badiliko kubwa la mwisho lilitoka tena chini ya magurudumu. Kwa zaidi ya miaka 20 bagi la magurudumu mawili lilibeba mota nyuma ya ekseli, mpangilio uliofaa udongo unaoteleza, kwa kuwa uzito ulilundikana pale panapohitaji mshiko. Lakini viwanja vya ndani na vya nje barani Ulaya viliongezeka kutandikwa zulia au nyasi bandia, ambazo hazihitaji kumwagiwa maji wala kutengenezwa kila jioni, na katika Marekani viwanja vingi vya ndani viligeukia udongo wa mfinyanzi uliokandamizwa hadi ukang'aa. Juu ya nyuso hizo mshiko ulizidi mahitaji. Gari la mota ya nyuma lilikataa kukunja kona, mbele yake ikielea, na likigeuka lilipinduka. Kampuni ndogo ya Kimarekani ya X Factory ilikuwa tayari imeuza X-6, gari lililotumia vipuri vingi vya RC10B4 ya Associated huku mota ikihamishiwa mbele ya ekseli ya nyuma, na wengi walilichukulia kama jambo la wadadisi. Mwaka 2011 Team Losi Racing ilitoa gari lake la 22 ambalo mnunuzi mwenyewe alichagua mota iwe mbele au nyuma ya ekseli, na mwishoni mwa mwaka 2013 Associated iliuza B5 kwa sura mbili, ya udongo unaoteleza na ya uwanja wenye mshiko. Muda si mrefu mpangilio wa mota ya kati ukawa wa kawaida, na mota ya nyuma ikabaki kwa viwanja vichache.

Pamoja na mota vilihama vitu vingine. Difu ya gololi, iliyokuwa fahari ya miaka ya 1980, ilianza kuteleza ndani kwa ndani pale matairi yalipogoma kuteleza, na mafundi wakarudi kwenye difu ya gia, safari hii ikiwa imezibwa na kujazwa oili ya silikoni ya maelfu ya sentistoki, hivyo kwamba kile kilichokuwa kikirekebishwa kwa skrubu sasa kilirekebishwa kwa chupa. Magari yalishushwa karibu na ardhi, springi zikakazwa, na vyuma vyembamba vinavyounganisha upande mmoja wa gari na mwingine ili kuzuia kuinama, ambavyo zamani vilidharauliwa katika daraja la magurudumu mawili, vikaingia katika vifaa vya kawaida. Bagi la zulia la leo na bagi la Del Mar la mwaka 1985 yana magurudumu manne na bawa, na zaidi ya hapo ufanano ni mdogo.

Tamiya imezirudisha sokoni nakala za Sand Scorcher na Hornet, na Associated iliitoa tena RC10 ya dhahabu mwaka 2013, kwa ajili ya watu wazima waliozitamani utotoni. Vyuma hivyo, basi, viko salama. Karatasi za mpangilio hazijapata bahati hiyo: zilijazwa kwa penseli, zikachafuliwa kwa oili na kutupwa msimu ulipokwisha, ingawa ndizo pekee zinazoonyesha udongo wa uwanja fulani ulikuwaje na fundi aliujibu kwa namna gani. Vilabu vya zamani vya Kalifornia, Northampton na Shizuoka vyenye masanduku ya karatasi hizo katika makabati yao vingefanya vyema kuzikabidhi kwa maktaba kabla ya wino na penseli kufifia.